Kagari kadogo na tope la masika: mwongozo wa Handeni na Korogwe

Mvua zikianza huku kwetu maswali ni yale yale: "Vitz itafika?" "Starlet inapita Magoma?" Leo nimeyaweka yote sehemu moja, ukikaa kafe dakika kumi usome, uondoke na kitu. Mimi si fundi. Nimejifunza kwa kukaa kiti cha mbele, kusukuma, na kuwasumbua mafundi kwa maswali.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa nyuma mjomba alinunua Starlet kwa hela ya mahindi ya misimu mitatu. Siku moja ya Aprili tukawa tunampeleka dada mjamzito mjini. Tukafika kwenye kijito, maji chini kidogo ya goti. Mjomba akasema tunapita. Katikati injini ikazima. Akapiga stata mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukasikia "kaa!" na gari ikafa hapo hapo. Dada alimalizia safari kwenye trekta, akajifungua salama, Mungu mkubwa. Lakini injini ilipofunguliwa, konrodi (ule mkono unaoshika pistoni) imepinda. Mahindi ya misimu mitatu yakaishia gereji.

BARABARA ZETU ZILIVYO

Korogwe hadi Handeni kupitia Sindeni ni lami, na Handeni hadi Mkata ni lami. Kazi inaanza ukiiacha lami: njia za vijijini Handeni, na upande wa Korogwe ile ya Magoma na Mashewa. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Na usidhani lami ni kinga. Oktoba 2019 mvua za vuli zilikata barabara ya Korogwe–Handeni, wasafiri wakakwama.

Udongo nao ujue. Mwekundu ukilowa juu unateleza kama sabuni, ila chini mara nyingi ni mgumu. Mweusi wa mbugani unanata, unajaza tairi mpaka inakuwa kama donati, halafu unazama. Ukiuona huo umelowa na gari yako ni ndogo, geuza mapema.

KABLA YA KUTOKA

1. Tairi. Angalia kashata. Nchi nyingi za Ulaya zinataka zisipungue milimita 1.6, lakini kwa mvua bora zibaki 3 au zaidi. Kipara ni kipara hata kama gari umeiosha.
2. Upepo. Fuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kukisia.
3. Waipa, taa, breki. Vyote vijaribiwe nyumbani, si njiani.
4. Kwenye buti: spea yenye upepo, jeki na kipande cha ubao wa kuweka chini yake, kamba imara, koleo au jembe, tochi, maji ya kunywa, pembetatu ya tahadhari.
5. Taarifa. Sikiliza utabiri wa TMA, halafu waulize bodaboda waliotoka huko asubuhi hiyo hiyo. Wao ndio wanaijua njia.

KWENYE TOPE

Siri ni upole. Gia ya pili, mwendo mdogo usiobadilika. Usikate usukani ghafla, usikanyage breki ghafla, usikanyage mafuta ghafla. Kwenye mteremko punguza mwendo kwa gia kabla hujaanza kushuka. Gari ndogo nyingi zina sentimita 13 hadi 16 tu kati ya tumbo na ardhi, kwa hiyo usifuate mitaro ya malori: tumbo litakaa juu na matairi yataning'inia.

Vitz na wenzake wengi wanavutwa na matairi ya mbele. Mbele ikiteleza na usukani hausikii, ondoa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani kidogo, subiri ishike. Nyuma ikikimbia, tazama unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko huko. Kama gari ina ABS, breki ya dharura unakanyaga moja kwa moja bila kupampu.

KWENYE MAJI

Hapa ndipo watu wanakufa. Sentimita 15 za maji zinafika sakafu ya magari mengi madogo na injini inaweza kuzima. Sentimita 30 zinaweza kuielea gari. Sentimita 60 zinabeba karibu gari lolote, hata ile ya bosi. Na yakiwa yanakimbia, au huoni chini, hujui kama daraja bado lipo. Usiingie. Ngoja. Mito yetu midogo mara nyingi hupungua baada ya saa kadhaa mvua ikikatika.

Kama maji yametulia, ni kidogo kabisa na unaijua njia, pita gia ya kwanza (otomatiki weka L), taratibu, bila kusimama. Ukitoka gusa breki mara kadhaa zikauke.

Injini ikizima ndani ya maji, USIPIGE STATA. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, ndiyo yanapinda konrodi. Tokeni, isukumeni, aitwe fundi. Mjomba wangu angeokoa injini yake kwa kutofanya kitu.

UKIKWAMA

Acha kuunguza mafuta, unajichimbia kaburi. Toa tope mbele ya tairi, weka matawi, mawe au gunia, kisha rudi nyuma na kwenda mbele kidogo kidogo. Wanaosukuma wasisimame nyuma ya tairi linalozunguka, mawe yanaruka.

NA WALIOKO KWENYE THELUJI?

Sisi theluji tunaijua ya Kilimanjaro, ila kuna ndugu zetu wanaendesha vigari kama hivi Sweden na Canada. Kanuni ni ile ile ya upole, pamoja na tairi za baridi: mpira wa kawaida unakakamaa kuanzia nyuzi 7 kushuka chini. Quebec wanazilazimisha kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Kwenye barafu gari linaweza kuhitaji hata mara 10 ya umbali wa kawaida ili lisimame. Na ukikwama kwenye theluji na injini inawaka, hakikisha bomba la moshi halijafukiwa, maana ile gesi inaua kimya kimya.

Wadau, kuchelewa kufika nyumbani kunasameheka. Konrodi haisamehi, na mto ndiyo kabisa. Nilipokosea nirekebisheni hapo chini, na kama kuna kipande kibaya huko kwenu kitajeni, wengine wajue.

Naomba kuwasilisha.