UZI: Cheti feki, barua ya kufutwa, na kwa nini serikali huangushwa kortini

1/ Siasa zikichemka utasikia tu: "Tuliwapata na vyeti feki, tukawapiga kalamu, korti ikawarudisha!" Umati unapiga makofi. Lakini korti huwa inauliza nini hasa? Turudi nyuma kidogo.

2/ Zamani mdosi alikuwa mungu mdogo. Sheria ya mabwana na watumishi ya 1906, ya wakoloni, ilimfanya kibarua aliyetoroka kazi kuwa mhalifu. Uhuru ukaja, ila hata chini ya Sheria ya Ajira ya 1976 mwajiri angeweza kukulipa notisi akakutimua bila kutaja sababu.

3/ Serikalini je? Kifungu cha 25 cha katiba ya zamani kilisema mtumishi wa umma yuko kazini kwa ridhaa ya Rais. Yaani cheti safi peke yake hakikukukinga ukikosana na wakubwa.

4/ Mambo yakabadilika na Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 41: kabla ya kufutwa kwa kosa, uelezwe kosa lenyewe kwa lugha unayoelewa, mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama akiwepo, kisha usikilizwe. Kifungu cha 43: mwajiri ndiye wa kuthibitisha sababu. Kifungu cha 45: sababu iwe halali NA utaratibu uwe wa haki. Kimoja bila kingine hakitoshi.

5/ Katiba ya 2010 ikakaza zaidi. Kifungu cha 236 kinasema mtumishi wa umma hafutwi bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Kesi zinaenda Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo inasikiza kesi hata hapa kwetu Eldoret.

6/ Sasa njoo kwenye vyeti. Oktoba 2022 Tume ya Utumishi wa Umma iliagiza vyeti vya walioajiriwa miaka kumi iliyotangulia vikaguliwe. Februari 2024 matokeo yakatoka: kati ya watu kama 28,000 waliokaguliwa, 2,067 walikuwa na vyeti vya kughushi. Si mchezo. Kila mmoja amekalia kiti cha kijana aliyesoma akakosa kazi.

7/ Shida inaanzia hapa. Baraza la Mitihani linajibu kwamba cheti hakilingani na rekodi, na kesho yake mtu ana barua ya kufutwa. Pengine ni feki kweli. Pengine pia alibadilisha jina alipoolewa, au karani alikosea namba ya mtihani. Asipoulizwa, ataeleza saa ngapi?

8/ Na tusidanganyane: korti haisafishi cheti feki. Mtu akisikilizwa na ushahidi ukasimama, majaji wanakubali afutwe, na EACC imeshinda kesi za kutaka mishahara irudishwe. Lakini mwajiri akiruka hatua, fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Kwa ofisi ya umma, hiyo ni pesa ya ushuru wako.

9/ Jirani zetu Tanzania walipitia haya. Aprili 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 wenye vyeti feki na kuwaondoa. Katika uhakiki huohuo waliondolewa pia watu wa darasa la saba ambao hawakuwa na cheti cha kidato cha nne. 2018 serikali ikaamuru walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 warudishwe, kwa sababu sharti hilo lilikuja wakiwa tayari kazini. Kughushi ni jambo moja, kutofikia kiwango kipya ni lingine kabisa. Ukitumia fagio moja, unafagia na wasio na hatia.

10/ Kwa hivyo siku mwanasiasa akilia kwamba "korti inalinda wezi", muulize maswali matatu: Huyo mtu alipewa barua ya kujieleza? Alisikilizwa? Nani alithibitisha cheti, na kwa maandishi? Majibu yakikosekana, aliyeharibu kesi si jaji. Ni ofisi iliyokuwa na haraka ya kupigiwa makofi.

Una swali? Weka hapo chini, tujadili bila matusi.