Ombi Lililogeuzwa Sharti: Brel katika Kiingereza cha McKuen

Mfasiri wa nyimbo akilaumiwa kwa kupotosha maana, utetezi wake wa kwanza huwa mizani. Muziki umeshatungwa, silabi zimehesabiwa, naye hana pa kugeukia. Utetezi huo hupokewa mno bila kukaguliwa. "Ne me quitte pas", wimbo wa Mbelgiji Jacques Brel wa 1959, unatupa nafasi ya kuukagua.

Katika Kifaransa, msemaji anasihi asiachwe, na kusihi kwenyewe hakukomi. Anaahidi zawadi zisizowezekana, na kila ahadi inamshusha zaidi, hadi anaridhia nafasi iliyo chini ya mbwa. Brel mwenyewe alikataa usiitwe wimbo wa mapenzi. Kwake ulihusu uoga wa wanaume. Rod McKuen alipouandika kwa Kiingereza, kwa jina la "If You Go Away", ombi likawa sharti: ukiondoka itakuwa hivi, ukibaki itakuwa vile. Anayepima matokeo mawili bado amesimama wima. Hata ule udhalili wa mwisho McKuen hakuutupa, ila aliutia katika "-ngali-": msemaji angaliukubali, lau angalidhani ungalifaa kitu. Udhalili wa Brel unatendeka mbele yetu. Wa McKuen haukutendeka kamwe.

Je, mizani ilimlazimisha? Kichwa cha Kifaransa huimbwa kwa silabi tano, maana ile "e" ya mwisho wa "quitte", ambayo katika mazungumzo humezwa, hupewa noti yake. Cha McKuen nacho kina silabi tano, na mkazo unaangukia mwisho inavyotakiwa. Kazi safi. Lakini "Please don't go away" pia ina silabi tano, inaishia kwa neno lilelile, na ni ombi. Sisemi ni ushairi mkubwa, nasema inaimbika.

Basi sharti lilichaguliwa, na sababu yake naiona nje ya muziki, katika ladha ya wasikilizaji wa Marekani waliopenda huzuni yenye heshima. Frank Sinatra aliurekodi katika albamu ileile ya 1969 yenye "My Way", ambamo Paul Anka alichukua "Comme d'habitude", wimbo wa penzi lililopoa, akaufanya majigambo ya mtu anayeagana na maisha. Anka alitunga upya, hakutafsiri. McKuen ndiye wa kuhojiwa, kwa sababu yeye amebaki karibu na asili.

Peter Low, mtaalamu wa fani hii, hutaja vigezo vitano: uimbikaji, maana, lugha ya kawaida, mdundo na vina, mfasiri apoteze kidogo hapa ili apate pale. Mizania hiyo ina busara, ila inauweka msimamo wa msemaji ndani ya maana, kana kwamba nao unauzika kwa rejareja. Picha moja ikipotea, wimbo hupungua. Msimamo ukigeuka, anayeimba ni mtu mwingine. Filamu ya 1975 iliyotokana na onyesho la New York la nyimbo za Brel ilikuwa ya Kiingereza, lakini huu aliuimba Brel mwenyewe, kwa Kifaransa.