Nuru Dhidi ya Kifua Kikuu: Kutoka Copenhagen hadi Rondo

Uwanda wa Rondo umeinuka nyuma ya mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania, kufikia karibu mita 900 juu ya bahari. Asubuhi ukungu hutanda juu ya misitu, na baridi yake watu wa pwani hawaizoei. Lau ungekuwa Uswisi mwanzoni mwa karne ya 20, bila shaka ungejengewa hospitali ya wagonjwa wa kifua. Zama hizo madaktari wa Ulaya waliamini kwamba kifua kikuu hushindwa na mwinuko, hewa safi na jua. Mwaka 1903 daktari Auguste Rollier alianza kuwaotesha wagonjwa jua kwenye roshani huko Leysin, akianzia miguuni na kupanda taratibu siku baada ya siku.

Imani hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walionyesha kuwa mirija ya majimaji iliyopigwa na jua hubaki safi, ilhali iliyofunikwa huchafuka kwa bakteria.

Aliyeifanya nuru kuwa tiba ni daktari Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe. Mwaka 1896 alifungua taasisi yake Copenhagen kwa ajili ya wenye kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa unaokula pua na mashavu hadi mtu akajificha ndani. Wagonjwa wanne walilala kuizunguka taa moja kubwa ya umeme. Kila mmoja alikuwa na muuguzi wake, aliyekibana kidonda kwa lenzi ya kwatzi iliyopozwa kwa maji, ili damu isogee na nuru ipenye. Kikao kilichukua saa nzima au zaidi, na tiba iliendelea kwa miezi. Hadi 1901 watu 804 walikuwa wametibiwa, na asilimia 83 walihesabiwa kuwa wamepona. Finsen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 43. Kwangu mimi, wauguzi wale nao walistahili kutajwa.

Lakini ngozi si mapafu. Jua la roshani haliui vijidudu vilivyojichimbia kifuani.

Tanganyika ilipata hospitali ya kifua kikuu mwaka 1926 huko Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro. Kutoka Rondo ni safari ya karibu kilomita 1,000, na hata njia ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikuwa ikikatika masika hadi daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003. Kilichoweza kumfikia mgonjwa wa kusini ni dawa: streptomaisini ya miaka ya 1940, aisoniazidi ya 1952, na hasa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa daktari Karel Styblo, ukawa mfano kwa dunia.

Nuru ilirudi kwa mlango mwingine: hewani. Taa za miale ya urujuanimno zilizofungwa juu ukutani huua vijidudu vinavyoelea, huku feni ikiipandisha hewa ya chini. Hazielekezwi kwa watu, maana huunguza macho na ngozi. Katika utafiti mmoja huko Lima, Peru, simbilisi waliovuta hewa ya wodi bila taa waliambukizwa kwa asilimia 35. Taa zilipowashwa, ikawa chini ya 10.

Zahanati ya kijiji huko Rondo isingoje taa. Utafiti mwingine wa Lima, wa mwaka 2007, ulipima hewa na kukuta wodi za zamani zenye dari ya juu na madirisha makubwa zinabadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa. Fundi anayeweka madirisha mawili mapana yanayotazamana anazuia maambukizi kabla daktari hajafika, na benchi la wanaokohoa mahali pake ni barazani. Hata makohozi ya kupima, mgonjwa huelekezwa ayatoe nje, penye jua na upepo, mbali na wenzake.