Mto Kagera na Mizani ya Mataifa



Juma hili tunatafakari habari ambayo wengi wetu tumeizoea mno hata hatuioni tena: mpaka. Hapa kwetu Ngara na Biharamulo, mpaka ni mto tunaouvuka, soko tunalokwenda, na afisa anayetuuliza tumetoka wapi. Pale Rusumo, mahali ambapo Ruvubu huungana na Kagera kabla maji hayajaporomoka, Tanzania, Rwanda na Burundi zimekaribiana kiasi cha kuitana kwa sauti. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Ni kweli. Lakini historia ya eneo letu inatufundisha jambo la pili, ambalo halisemwi sana: nyasi huumia hata tembo wanapopatana, endapo wamepatana bila kuziuliza.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walipita katika nchi iliyoitwa Usui, ndiyo Busubi yetu, wakielekea Karagwe kutafuta chanzo cha Mto Nili. Mtawala wa Usui wakati huo alikuwa Suwarora. Wageni hao hawakupita kama mabwana. Walisimamishwa, wakangojeshwa, wakadaiwa hongo, yaani ushuru wa njia, nao wakalipa kwa nguo, shanga na nyaya za madini. Mzungu aliyeandikwa baadaye kwa herufi kubwa katika vitabu alilazimika kusubiri ruhusa ya mfalme wa hapa. Kwa hakika mizani ya nguvu haikuumbwa imeelemea upande mmoja.

Miaka 29 baadaye mizani ilikuwa imegeuka. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana mkataba wa kugawana Afrika Mashariki, na katika mapatano hayo hayo Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland, kule katika Bahari ya Kaskazini. Rwanda ilihesabiwa kuwa upande wa Ujerumani, ingawa hakuna Mjerumani aliyekuwa amekanyaga barazani kwa mfalme wake. Ni mpaka tarehe 2 Mei 1894 ndipo Graf von Götzen alipovuka Kagera pale Rusumo na kuingia Rwanda. Ramani ilitangulia miguu. Mfalme wa Rwanda alimpokea mgeni wake asijue kwamba huko Ulaya nchi yake imekwisha kuandikwa jina la mwenyewe mwingine. Boma la Kijerumani lililopo Biharamulo ni ukumbusho wa zama hizo.

Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliyotoka Kongo, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika, yaliteka Biharamulo, na kufikia Septemba yalikuwa Tabora. Vita ilipokwisha, mezani Ulaya kulikuwa na hesabu mbili. Ubelgiji ilitumaini kuitumia nchi iliyoiteka kama kitu cha kubadilishana, ili hatimaye ipate kutoka kwa Ureno ukingo wa kusini wa mlango wa Mto Kongo. Uingereza nayo ilitaka njia ya reli ya kutoka Kusini mwa Afrika hadi Misri isiyopita katika ardhi ya mwingine. Tarehe 30 Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakapatana: Rwanda na Burundi zibaki kwa Ubelgiji, lakini Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda inayotazamana na Ngara, iende kwa Uingereza kwa ajili ya reli.

Tutambue vema jambo hili. Ubelgiji haikuupata ukingo ule, wala reli ile haikujengwa. Lakini mwaka 1922 Waingereza waliichukua Gisaka, na mfalme Musinga akakatiwa kipande cha ufalme wake. Musinga alilalamika, na Askofu Léon Classe wa Wamisionari wa Afrika naye akaandika kupinga mgawanyo huo. Suala likafika mbele ya Shirikisho la Mataifa, na mwanzoni mwa 1924 Gisaka ikarudishwa. Basi sauti ya waliogawanywa ilisikika, ila ilisikika kwa sababu ilipata mtu wa kuibeba hadi Ulaya.

Bugufi haikupata bahati hiyo, kama ni haki kuiita bahati. Nchi hiyo, ambayo leo ni sehemu kubwa ya Wilaya ya Ngara, ilikuwa na mafungamano ya kale na ufalme wa Burundi, na Kihangaza kinachosemwa humo ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Bugufi ilibaki Tanganyika chini ya Waingereza. Mwaka 1948 Mwami Mwambutsa wa Burundi alipeleka ombi kwa Umoja wa Mataifa akitaka irudishwe kwake. Haikurudishwa. Miaka ikapita, na uhuru ukaja: Tanganyika Desemba 1961, Rwanda na Burundi Julai 1962. Wahangaza wakawa Watanzania, na kwa haki kabisa. Wamejenga taifa hili kama wengine wote. Lakini shangazi na mjomba walibaki ng'ambo, na lugha haikuambiwa kwamba imevuka mpaka.

Ndipo tunapoelewa kwa nini misukosuko ya majirani haijawahi kuwa habari ya kigeni kwetu. Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Rwanda na chama cha RPF walitia sahihi mkataba wa amani mjini Arusha. Oktoba 21 mwaka huo Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wakavuka kwa wingi kuja kwetu. Aprili 6, 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa Kigali ikitokea mkutano wa Dar es Salaam, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Kagera ukabeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa mwezi huo, RPF ilipokaribia Rusumo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja katika muda wa saa 24 hivi. Ilikuwa karne moja kasoro siku chache tangu von Götzen avuke mahali pale pale kwenda upande wa pili.

Miongoni mwa waliovuka walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo waliomwaga damu, wakilala chini ya turubai zilezile pale Benaco. Wanangara waliwapokea wote. Miti ilikatwa, maji yakawa haba, mashamba yakavamiwa. Ni haki kuukumbuka ukarimu huo pamoja na gharama yake, maana wageni wengi wa kimataifa walihesabu wakimbizi na kusahau wenyeji.

Mwaka 1996 mizani ikageuka tena. Rwanda mpya ilikuwa imepata nguvu, na mwezi Novemba kambi za wakimbizi mashariki ya Zaire zilikuwa zimevunjwa kwa vita. Mwanzoni mwa Desemba serikali yetu, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kabla ya mwisho wa mwezi. Maelfu walikimbilia porini kuelekea bara, askari wakawageuza. Takribani watu 480,000 walivuka Rusumo kurudi kwao. Wenyeji walikuwa na sababu za kuchoka, na watetezi wa haki za binadamu nao walikuwa na sababu za kulalamika kwamba hiari haikuwepo. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini aliyetembea njia ile na mtoto mgongoni hakuitwa popote kutoa hoja yake.

Hata baadaye hatukukosa majaribu. Mei 2013, huko Addis Ababa, Rais Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, na Rwanda ikakasirika. Julai, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa walioishi nchini bila kibali waondoke. Maelfu waliondoka, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Hatusemi kwamba ugomvi wa wakubwa ndio uliozaa operesheni hiyo. Ujambazi katika mapori ya Biharamulo ulikuwa wa kweli, na mabasi yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Tunasema tu kwamba waliofukuzwa walikuwamo waliozaliwa hapa, waliooa na kuolewa hapa, na ambao hawakuwa na karatasi kwa sababu baba zao hawakuwahi kuulizwa karatasi.

Hata hivyo, mwezi Agosti wa mwaka huo huo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa ajili ya mtambo wa kufua umeme wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, zinazogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Na Aprili 6, 2016, Rais Magufuli na Rais Kagame walizindua daraja jipya pale pale. Wakubwa waliokuwa wakinuniana walilazimika kushirikiana, kwa kuwa maporomoko ni ya wote watatu na hayafuati mkataba wa Milner.

Mizani ya mataifa itaendelea kupanda na kushuka. Juni 27, 2025 Kongo na Rwanda zilitiliana sahihi mkataba wa amani, na mahali palikuwa Washington. Tunaombea ufanikiwe. Lakini sisi tunaokaa ukingoni hatuna budi kuuliza kila mara: nani aliyeketi mezani, na nani anayesubiri mlangoni? Uwezo wa kuandika mikataba hatunao. Tunao uwezo wa kuhakikisha kwamba jirani mwenye lafudhi ya ng'ambo haitwi mhamiaji siku ya ugomvi wa shamba, kwamba watoto wetu wanaandikishwa na kupata vyeti vya kuzaliwa, na kwamba wazee wanaoikumbuka Bugufi ya zamani wanasikilizwa wangali hai. Wiki hii kila mmoja wetu amtembelee mzee mmoja na kumwuliza mipaka ilipita wapi wakati wa utoto wake, na nani katika ukoo alibaki upande wa pili.