Uongozi katika Afya ya Jamii: Ujuzi Unaojengwa Kazini

Daktari, muuguzi au afisa afya husomea namna ya kutambua ugonjwa na kuukabili. Anapoteuliwa kuwa Mganga Mfawidhi wa kituo au Mganga Mkuu wa Wilaya, hukabidhiwa pia jukumu la kupanga bajeti, kusimamia watumishi, kufuatilia upatikanaji wa dawa na kuongoza wenzake wakati wa mlipuko. Ujuzi huo hauji pamoja na cheti cha taaluma. Hujengwa kwa mafunzo na kwa kazi.

Funzo la Rufiji na Morogoro

Katika miaka ya 1990, Wizara ya Afya na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Canada (IDRC) zilianzisha mradi wa TEHIP katika Wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Timu za usimamizi wa afya za wilaya zilipewa zana za kulinganisha mgawanyo wa fedha na magonjwa yaliyosababisha vifo vingi. Takwimu zilikusanywa kaya kwa kaya, kwa kuwa watu wengi walifariki nyumbani, nje ya kumbukumbu za vituo.

Ilibainika kuwa malaria ilikuwa ikipata sehemu ndogo ya bajeti kuliko uzito wa madhara yake. Timu hizo zilielekeza fedha zaidi kwenye malaria na kwenye mafunzo ya kumhudumia mtoto mgonjwa kwa kuchunguza hali yake yote. Nyongeza ya fedha ilikuwa ndogo. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya hizo.

Majukumu ya sasa

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Hivyo, hata Mganga Mfawidhi wa zahanati ya kijijini anapaswa kuandaa mpango, kusimamia matumizi na kutoa hesabu.

Milipuko nayo huhitaji uongozi wa namna yake. Ugonjwa wa Marburg uliotangazwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi, 2023 ulisababisha vifo vya watu 6 kabla ya kutangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Katika hali kama hiyo, maabara, ufuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa, mazishi salama na utoaji wa taarifa kwa umma lazima viende pamoja.

Mafunzo yanayopatikana

Chuo Kikuu Mzumbe hutoa shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya. Aidha, tangu mwaka 2008 Tanzania ina programu ya mafunzo ya epidemiolojia na maabara, ambayo washiriki wake hutumia sehemu kubwa ya muda wakiwa kazini, wakichunguza milipuko halisi chini ya walezi wenye uzoefu.

Nafasi ya mwananchi

Kamati ya usimamizi ya kituo hujumuisha wawakilishi wa jamii. Mwananchi anaweza kuwauliza wawakilishi wake fedha zilizopokelewa zimetumikaje, na iwapo mpango wa kituo unalenga magonjwa yanayosumbua zaidi eneo lake. Kiongozi aliyeandaliwa vyema huwa na jibu la maswali hayo, na kumbukumbu za kulithibitisha.