Maji ya ziwa si dawa ya injini

KATIKA eneo la Karungu, Kaunti ya Migori, maji hayako mbali: Ziwa Victoria li karibu na soko la Sori. Dereva ambaye injini yake imechemka hushawishika kuchota ndoo, kujaza rejeta na kuendelea na safari. Nafuu hiyo ni ya muda tu. Maji ya ziwa hubeba matope yanayoziba mirija myembamba ya rejeta, na yasipochanganywa na kulanti huleta kutu. Yakitiwa yakiwa baridi katika injini yenye moto, yanaweza kuipasua.

Aidha, ziwa hilo liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, si 100. Kulanti, pamoja na kifuniko cha rejeta kinachodumisha shinikizo, hupandisha kiwango hicho.

Kila wiki, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, mmiliki akague kiasi cha kulanti na oili. Kijiti cha kupimia oili kichomolewe, kipanguswe, kirudishwe, kisha kichomolewe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikifanana na chai ya maziwa, huenda maji yameingia ndani yake. Gari lisiwashwe hadi fundi alikague. Mafuta ya breki yakipungua, ama yanavuja ama breki zimelika.

Rejeta isifunguliwe kamwe injini ikiwa na moto. Kwa anayetegemea gari kupata riziki, ukaguzi wa dakika chache ni nafuu kuliko kununua injini nyingine.