Bibi Alice Werner na Tenzi za Pwani

Ewe msomaji, ukitoka Idsowe ukaufuata mto Tana kuelekea Kipini na bahari, unapita katika nchi ambayo habari zake zilisomwa London tangu mwaka 1913. Mwaka ule Bibi Alice Werner, aliyekwisha kupita umri wa miaka hamsini, alichapisha makala juu ya Wapokomo wa bonde la Tana.

Bibi huyu alizaliwa Trieste mwaka 1859, akasoma Newnham, Cambridge, na mwaka 1893 akaenda Nyasaland, iitwayo leo Malawi. Kati ya 1911 na 1913 alizunguka pwani yetu. Wageni wengi wa siku zile walijifunza lugha zetu ili watoe amri au wahubiri. Yeye alitaka pia kujua watu wanahadithiana nini jioni. Baadaye alifundisha London, akawa Profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu, mpaka alipostaafu mwaka 1930.

Lakini kazi iliyomshughulisha miaka mingi ilikuwa utenzi mmoja. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, hali ni mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, yule aliyempinga Sultani wa Zanzibar kwa silaha. Fikiri: siku zizo hizo, huko Uingereza, Mary Ann Evans alikuwa akichapisha hadithi zake kwa jina la kiume, George Eliot, nao utenzi wa mama yetu umeitwa kwa jina lake mwenyewe! (Wako wanaoulaumu leo kwa kumfundisha mke utii mno. Usome kwanza, ndipo ulaumu.)

Bibi Werner aliuchapisha Marekani mwaka 1917, kisha tena, pamoja na William Hichens, mwaka 1934. Hata hivyo mtaalamu wa Ulaya asingefika mbali bila waandishi wa pwani. Muhamadi Kijuma wa Lamu, bingwa wa hati za Kiarabu na mshairi mwenyewe, aliwanakilia wataalamu hao tenzi nyingi kwa mkono wake. Jina lake halitajwi sana madarasani, nami naona si haki.

Bibi Werner alifariki mwaka 1935. Kijuma aliishi miaka kumi zaidi.